Heshima Gani Hii kwa Sinema ya Unyonyaji?

Wako ndugu zetu matawini wanaouliza gazeti la chama lina haja gani na mambo ya sinema, hali bei ya mbolea na ushuru wa masoko havijapata jawabu. Swali lao ni la haki, nasi twalijibu kwa heshima. Vijana tunaowaita mkutanoni saa kumi jioni wengi hawaji, kwa kuwa saa hiyo wako kibanda umiza, au wameinamia simu zao wakitazama picha. Mtu hawezi kusema na kijana kama hajui kijana ametazama nini. Tena katika hayo wanayotazama liko jambo moja ambalo twaona kila mwanachama yampasa kulijua, maana linatuhusu sisi wenyewe, na linawahusu hata marehemu wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa waongozaji mashuhuri wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakitengeneza picha za kuzienzi picha za zamani za bei rahisi, zile ambazo wenyewe waliziita kwa neno ambalo Kiswahili chake hasa ni sinema ya unyonyaji. Neno hilo hatukuwapachika sisi. Wenye biashara ndio waliolichagua, wakiwa na maana ya kukamua jambo moja linalovuta macho ya watu, kama vile damu, uchi, madawa ya kulevya, gereza la wanawake au wala watu, mpaka litoe senti ya mwisho. Picha ilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo. Mara nyingine jina na bango vilitangulia, hadithi ikatafutwa baadaye. Kampuni ya American International Pictures, iliyoanza mwaka 1954, ilipata sifa kwa mtindo huo. Roger Corman, aliyefariki mwaka 2024, alipiga sehemu kubwa ya picha yake The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960 kwa siku 2 na usiku mmoja.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili cha chama, tukisikia neno unyonyaji twauliza mara moja: nani amenyonywa, na nani amenyonya? Wapenzi wa picha hizi hawaulizi hivyo. Wao hulitamka neno hilo kwa mahaba, kama mtu anavyosifu mapishi ya bibi yake. Hapo ndipo ugomvi wetu na wao unapoanzia.

Tuchukue mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 2007 Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitoa picha mbili kwa tikiti moja, wakaziita kwa pamoja Grindhouse. Hilo lilikuwa jina la majumba ya sinema ya kimaskini, kama yale ya Mtaa wa 42 mjini New York, yaliyokuwa yakionyesha picha moja baada ya nyingine kwa kiingilio kidogo. Mkanda uliofika kule ulikuwa umezunguka miji mingi. Umekwaruzika, umekatika ukaungwa, na pengine kipande kizima hakionekani. Basi mabwana hawa wakaamua picha zao zifanane na mikanda ile. Planet Terror ya Rodriguez ilipigwa kwa kamera ya kidijitali, isiyo na mkanda wa kukwaruzika, kisha mikwaruzo ikatiwa kwa kompyuta. Kipande cha hadithi kikaachwa kwa makusudi, na mahali pake pakawekwa tangazo la kuwataka radhi watazamaji kwamba kimepotea. Shughuli yote iligharimu zaidi ya dola milioni 50, na huko Marekani ikarudisha dola milioni 25 hivi. Ni vigumu kumhurumia tajiri aliyepata hasara kwa kununua matambara.

Wengine watatuambia kwamba huo ni utani tu, na kwamba wanasiasa hawajui kucheka. Utani twaujua sana. Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana tangu enzi za misafara, hata msibani. Lakini mtani humtania mtu aliyeko pale, mwenye uwezo wa kumjibu, tena kesho akamrudishia. Mwenye dola milioni 50 akijipaka masizi ili afanane na mpika mkaa, mpika mkaa atamjibuje?

Walakini tusiwe watu wa kulaani kila kitu. Katika sinema hiyo ya bei rahisi walikuwamo watu walioifanya hivyo kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa, na hao twawavulia kofia.

Mwaka 1971 Mmarekani mweusi, Melvin Van Peebles, alitoa Sweet Sweetback's Baadasssss Song. Ni hadithi ya mtu mweusi anayewapiga polisi wa kizungu wanaomtesa kijana mweusi mwenzake, kisha akakimbia, na mpaka mwisho wa picha hakamatwi. Katika sinema ya Marekani jambo hilo la mwisho lilikuwa geni kabisa. Van Peebles alitia fedha zake mwenyewe, akakopa dola 50,000 kwa mchekeshaji Bill Cosby, akaandika, akaongoza, akaigiza, akatunga muziki. Upigaji ulikwisha kwa siku 19. Vyama vya wafanyakazi wa sinema wakati ule vilikuwa karibu vya wazungu watupu, naye alivikwepa kwa kutangaza kwamba anapiga picha ya uchafu, jambo ambalo vyama hivyo havikujishughulisha nalo. Kwa hila hiyo akaweza kuajiri weusi na watu wengine waliokuwa wakifungiwa nje. Picha ilifunguliwa katika majumba mawili tu nchi nzima, moja Detroit na moja Atlanta, na hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 10. Huey Newton wa chama cha Black Panther aliiandikia makala ndefu katika gazeti la chama chao. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kuingiza sinema katika gazeti la chama.

Picha hiyo ina mengi tusiyoyapenda. Wanawake waliomo hawana heshima, na liko tukio linalomhusisha mtoto ambalo hatulitetei hata kidogo. Lerone Bennett wa jarida la Ebony, naye mweusi, aliikosoa vikali mwaka ule ule. Lakini hata wakosoaji walijua kwamba picha ile ilikuwa mali ya Van Peebles. Faida ilipokuja, ilikuja kwake.

Yaliyofuata twayajua kwa sura nyingine hapa kwetu, kwenye korosho na pamba. Wenye makampuni walipoona Wamarekani weusi wanajaza majumba, wakaingia sokoni kwa kishindo. MGM ilikuwa na Shaft mwaka ule ule wa 1971, ikiongozwa na Gordon Parks, mweusi na fundi mkubwa wa picha, lakini faida ikaenda kwa kampuni. Mwaka 1972 ikaja Super Fly, ambayo shujaa wake ni muuza kokeni. Ndipo Junius Griffin, kiongozi wa tawi la NAACP huko Beverly Hills na Hollywood, akaliunganisha neno la weusi na neno la unyonyaji kuwa neno moja, akisema kwamba watu wake wanauziwa sura yao wenyewe iliyochafuliwa. Alilitumia kama lawama. Leo neno lake ni kibandiko dukani. Picha hupangwa chini yake, na wateja hulitafuta. Hatujui Griffin angesema nini, lakini sisi lingetuuma.

Katika kundi hilo alikuwamo Pam Grier. Alianzia kwenye The Big Doll House ya mwaka 1971, picha ya gereza la wanawake iliyopigwa Ufilipino, ambako vibarua walikuwa rahisi. Kisha akawa Coffy mwaka 1973, muuguzi anayewalipizia kisasi waliomharibu mdogo wake kwa heroini, na Foxy Brown mwaka 1974. Picha hizo ziliuzwa kwa mwili wake. Yeye alizibeba kwa macho yake na kwa namna ya kusimama kwake, na kila aliyezitazama analijua hilo. Wimbi lilipopita, kazi kubwa zikamwishia. Mwaka 1997 Tarantino, huyu huyu tuliyemkaripia hapo juu, alikichukua kitabu cha Elmore Leonard ambacho mwanamke wake mkuu ni mzungu, akambadilisha awe mweusi, akampa Pam Grier nafasi hiyo katika Jackie Brown. Humo hamna mikwaruzo ya bandia. Yumo mwanamke wa makamo, mhudumu wa ndege mwenye mshahara mdogo, anayewazidi akili polisi na muuza silaha. Sisi twaona hiyo ndiyo heshima. Mwongozaji alimrudia mtu aliyefanya kazi akampa kazi nyingine bora kuliko ya kwanza, na akamlipa.

Ziko na nyingine ambazo hatuna nafasi ya kuzieleza. Black Dynamite ya mwaka 2009, ya Michael Jai White na Scott Sanders, inachekesha kwa kuwa waliomo wanaicheka nyumba yao wenyewe. Dolemite Is My Name ya mwaka 2019, ambamo Eddie Murphy ni Rudy Ray Moore, inaeleza kwa upendo jinsi mchekeshaji asiyetakiwa na mtu alivyopiga picha yake kwa fedha za kuungaunga. Django Unchained ya mwaka 2012 iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Wazee wetu waliomwona Django wa kwanza, yule wa Kiitaliano wa mwaka 1966 aliyeburuta jeneza matopeni, watasema wenyewe yupi walimpenda zaidi.

Sasa tufike nyumbani.

Katika matawi ya sinema ya unyonyaji liko moja lililoanzia Italia, nalo lilijidai kuwa ni la habari za kweli. Baba zake ni Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Mwaka 1966 walitoa picha iitwayo Africa Addio, maana yake Kwaheri Afrika. Walizunguka bara hili wakati bendera zinabadilishwa, na kamera yao ilitafuta kitu kimoja tu, yaani mauti. Imo Kenya, imo Kongo, yamo maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964. Na imo Unguja ya mwezi huo huo, ikipigwa kutoka angani. Wanaonekana watu wakienda kwa misururu, na maiti chini. Maelezo yanayosomwa juu ya picha hizo yamejaa majuto kwamba Mzungu ameondoka na kuliacha bara kwa watu wasioweza kujitawala. Picha ilipofika Berlin Magharibi mwaka ule wa 1966, wanafunzi, Waafrika wakiwamo, walifanya maandamano kuipinga. Huko Italia Jacopetti alituhumiwa kwamba mauaji fulani ya Kongo yaliendeshwa kwa kuifuata kamera yake, na baadaye akaondolewa tuhuma hiyo.

Mwaka 1970 mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Jerry Gross aliikata picha hiyo. Maneno mengi ya siasa, hata yale mabaya, yakatupwa, damu ikabaki. Akaibatiza jina jipya lenye maana ya Afrika ya damu na matumbo, akaiuza katika majumba yale yale ya kimaskini ambayo Grindhouse imeyajengea sanamu. Mwaka uliofuata Gross huyu huyu ndiye aliyekuwa msambazaji wa picha ya Van Peebles. Kwake yeye mweusi anayeshinda na mweusi aliyelala kaburini walikuwa bidhaa katika rafu moja. Basi kijana akituambia kwamba sinema ile ilikuwa ya wanyonge, twamwomba alitazame daftari la Gross pande zote mbili.

Jacopetti na Prosperi hawakuishia hapo. Waliposhutumiwa kuwa wabaguzi, walitengeneza Addio Zio Tom ya mwaka 1971, wakisema ni ya kupinga utumwa wa Marekani. Waliipiga zaidi Haiti, kwa msaada wa dikteta François Duvalier. Mamia ya Wahaiti walivuliwa nguo, wakatiwa minyororo, wakalundikwa merikebuni mbele ya kamera, na watu wa serikali yao wakiridhia. Haiti ndiyo nchi ya watumwa waliojikomboa kwa mikono yao wakatangaza uhuru mwaka 1804. Vitukuu vya watu wale walirudishwa katika minyororo ili Mtaliano apate picha. Kama liko jambo linalostahili kuitwa unyonyaji bila kutafuna maneno, ni hilo.

Picha hiyo ina wimbo mtamu, Oh My Love, uliotungwa na Riz Ortolani. Mwaka 2011 Nicolas Winding Refn wa Denmark aliutumia katika Drive, picha nzuri ya kuwaenzi madereva na majambazi wa sinema ya zamani, iliyompatia tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes. Mamilioni wameusikia wimbo ule wakaupenda. Hatusemi wametenda dhambi, maana wimbo hauna kosa. Twasema kwamba hivi ndivyo heshima hii inavyofanya kazi. Kitu chenye kupendeza hutolewa kwenye picha, kikasafishwa, kikasafiri duniani, na Mhaiti aliyesimama uchi juani siku nzima anabaki kule kule nyuma, hana jina, na hakuna anayekumbuka kwamba wimbo ulianza kuimbwa juu ya mgongo wake.

Wapo wanaoenzi hata kile kinyaa chenyewe. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato ya mwaka 1980, yenye kuwaonyesha watu wa msitu wa Amazon kama wala watu, ilitia ndani yake picha halisi za watu wakiuawa, Waafrika wakiwamo, zilizonunuliwa kama mtu anunuavyo vitenge kwa yadi. Mwaka 2013 Eli Roth wa Marekani aliionyesha The Green Inferno, ya kuisifu picha ile, akiwa ameipiga Peru kwa kuwatumia wanakijiji wa Amazon. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba wanakijiji hao hawakuwa wamezoea sinema, na kwamba aliwaonyesha Cannibal Holocaust ili waelewe kazi iliyo mbele yao, nao wakacheka sana. Anasimulia hayo kama kisa cha kufurahisha. Sisi tumekisoma mara mbili na hatujapata mahali pa kucheka.

Turudi Unguja. Mwaka 2003 picha za Jacopetti na Prosperi ziliwekwa katika sanduku moja zuri la DVD huko Marekani, Africa Addio ikiwamo, kwa ajili ya wakusanyaji. Leo vipande vyake vipo mtandaoni. Kijana wa Michenzani au wa Mbagala anaviona kwa kifurushi cha bei ndogo, bila kuambiwa nani alipiga, alitaka nini, wala nani aliyelala pale chini. Na hapa hatutamlaumu Mtaliano peke yake. Watu walikufa Unguja Januari 1964, na idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Mapinduzi tunayaadhimisha kila tarehe 12 Januari kwa gwaride na hotuba, na ni haki yetu, kwa kuwa waliokuwa wakidharauliwa waliinuka. Lakini juu ya wale waliolala chini ya ndege ile, chama chetu, serikali yetu na shule zetu tumekuwa wagumu wa maneno kwa zaidi ya miaka 60. Mwenye nyumba akinyamaza, mpita njia ndiye anayesimulia. Jacopetti alifariki mwaka 2011, na bado ndiye anayewasimulia vijana wetu habari za mwezi ule.

Tunajua wapo viongozi watakaokunja uso wakisoma hayo. Watasema mambo hayo yataamsha chuki. Chuki imeshaamshwa na sinema, ndugu zetu, tena kwa lugha ya mtu asiyetupenda. Twapendekeza serikali zetu mbili zitafute nakala kamili ya picha ile, iwekwe Nyaraka za Taifa, na ionyeshwe kwa wanafunzi wa vyuo vya ualimu pamoja na maelezo ya Wazanzibari wenyewe wa pande zote waliokuwapo. Wengi wamekwisha kufa. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 80. Kinasa sauti kipo katika kila simu, na vijana wa chama wenye nauli ya boti wanaweza kuanza kazi hii bila kungoja waraka.

Yupo mtu mwingine wa kutazamwa, naye ni jirani yetu. Katika mtaa wa kimaskini wa Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, hutengeneza picha za mapigano. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana haikufikia dola 200. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, helikopta zikachorwa kwa kompyuta, na waigizaji ni majirani ambao baadaye waliibeba DVD wakaiuza nyumba kwa nyumba. Nabwana naye anaenzi. Alikua akisimuliwa habari za Rambo na Chuck Norris, na picha zake zimejaa mapenzi hayo. Lakini tazama tofauti. Grindhouse ililipa mafundi wa kompyuta ili kipande kionekane kimepotea. Nabwana aliifuta kweli picha yake ya asili, kwa kuwa kompyuta ilijaa na alihitaji nafasi ya kutengeneza nyingine. Iliyobaki duniani ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, msemaji anayepiga kelele na mizaha juu ya kila risasi.

Na sauti ile, msomaji wa Kiswahili haihitaji kuelezwa. Ni jamaa wa Lufufu, aliyewatafsiria wakazi wa Dar es Salaam picha za kigeni mpaka zikawa zao. Ni jamaa wa DJ Afro wa Kenya. Wataalamu wa ng'ambo wanapomsikia Emmie hustaajabu, wakadhani ni mchezo mpya. Hapa kwetu ni desturi ya mabanda. Mtu hakai kimya mbele ya picha ya mwenzake akaimeza nzima nzima. Anaijibu, anaikata maneno, anambatiza adui jina la mtaani. Mwaka 2019 Nabwana alifika Toronto katika tamasha kubwa la sinema na picha yake Crazy World, na kule akapigiwa makofi mengi. Twafurahi kwa ajili yake. Hatari tunayoiona ni kwamba wapigaji makofi wanaweza kumpenda kwa umaskini wake, wakamtaka asije akapata kamera nzuri. Mtu wa Wakaliga akipata fedha na apige kwa mkanda safi kama atakavyo. Mikwaruzo hakuiomba.

Watengenezaji wetu wa Bongo nao walianza hivyo hivyo, kwa kamera za harusi na kwa majini ya rangi ya unga, na umma ukawapenda. Kilichowaua hakikuwa bei rahisi ya picha. Wengi walimuuzia msambazaji haki zote kwa malipo ya mara moja; picha ikazunguka nchi nzima na mpaka Kongo na Burundi, na mwenye kuitunga akabaki akitafuta nauli. Van Peebles alilijua hilo mwaka 1971. Basi kijana anayetaka kuenzi sinema ya bei rahisi, asianze kwa kujifunza kutia mikwaruzo. Aende COSOTA asajili kazi yake, na mkataba asiousoma asiutie sahihi, hata kama mwenye kuuleta amekuja na soda na maneno matamu. Katika semina za vijana za chama tunafundisha katiba na taratibu za mikutano. Saa moja ya mkataba wa sinema haitaharibu ratiba.

Kuhusu kibanda umiza, wako wenzetu wanaotaka vifungwe, na tumewasikia. Sisi tunataka kimoja zaidi, na kiwe chetu. Ukumbi wa tawi huwa mtupu tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Projekta ni ya kuazima, shuka jeupe lipo, na kiingilio kisizidi bei ya andazi. Picha ya kwanza iwe ile ya Nabwana. Ya Unguja ioneshwe siku ambayo wazee wamekubali kukaa mbele na kuikatiza, kipande kwa kipande, na asiwepo mtu wa kuwaambia wafupishe.